Kamera kuukuu ya michezo kwenye droni: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi hurusha droni wikendi kwa kujifurahisha tu, mara nyingi pembeni mwa mashamba ya mpunga ya Ahero, karibu na Kisumu, na mara mojamoja Nakuru nikimtembelea shemeji. Fremu yangu, yaani kiunzi cha droni, ni F450 niliyoiunga mwenyewe mezani. Kamera ni SJ4000 ya mitumba. Kabla yake nilikuwa na Hero3, ambayo habari zake ziko mwisho kabisa wa ukurasa huu. Maswali yaliyo hapa ndiyo yaleyale ninayoulizwa njiani, kwenye simu, na hata kanisani. Nimeanza na mepesi.

## Mambo ya mwanzo

Kamera ya michezo ni ipi hasa?

Ni kile kikamera kidogo chenye lenzi pana, kinachouzwa pamoja na kifuko cha kuzuia maji na rundo la vishikizo ambavyo nusu yake hutajua ni vya nini. Huku kwetu zote huitwa GoPro, kama sabuni zote za unga zinavyoitwa Omo. Hapa nazungumzia zile za zamani: GoPro Hero3 ya 2012, Hero3+ ya 2013, Hero4 ya 2014, SJ4000 ya kampuni ya SJCAM, Xiaomi Yi ya kwanza iliyotoka 2015, na nakala za SJ4000 ambazo hakuna anayejua idadi yake.

Droni za kukunja zina kamera nzuri zaidi. Kwa nini nihangaike na hii?

Kwa sababu tayari unayo, au kwa sababu unaweza kuipata kwa pesa ya viatu. Yangu nililipa shilingi 2,500 pamoja na betri mbili, moja ikiwa imevimba.

Lakini tusidanganyane. Droni ya kukunja yenye gimbali yake (kishikizo chenye mota kinachotuliza kamera) itakushinda kwa video leo, kesho na keshokutwa. Mahali kamera kuukuu inaposimama wima ni kwenye picha mnato za mchana wenye mwanga mzuri. Ukiiomba ikupe shamba, mto, kilima au paa la nyumba asubuhi, itakupa picha ya kuchapisha na kutundika ukutani. Ukiiomba sinema, mtagombana. Karibu kila lalamiko ninaloletewa linatokana na mtu aliyeomba sinema.

Droni yangu itaibeba?

Ipime kwanza kwenye mizani ya jikoni. SJ4000 na betri yake ina uzito wa takriban gramu 58, Xiaomi Yi 72, Hero3 gramu 74. Ongeza kishikizo, mpira na waya, utafika 90 au 100 bila kutambua. Droni ya gramu 249 haiwezi mzigo huo, hata ukiibembeleza. Vile vidude vya kuchezea vya ukubwa wa sahani pia haviwezi. Vitapaa kidogo, viyumbe, kisha mota ziungue.

Zinazoweza ni kama DJI Phantom ya kwanza ya 2013, ambayo ilitoka kiwandani bila kamera na ikatengenezwa ibebe GoPro, fremu za kuunga mwenyewe kama F450, Syma za mfululizo wa X8, MJX Bugs 3, na droni za mbio zenye propela za inchi 5. Ukiwa na fremu nyingine, kipimo changu ni hiki: droni ikiwa na mzigo wote inapaswa kuelea hewani mkono wa mafuta kwenye rimoti ukiwa katikati au chini kidogo. Ikihitaji uusukume robo tatu ndipo ielee tu, teremsha, huna akiba ya kupambana na upepo.

Kwenye boksi imeandikwa 4K. Ni kweli?

Kwa kamera za bei hiyo za miaka hiyo, mara nyingi ni kweli ya boksi peke yake. Kamera hupiga picha ndogo halafu inainyoosha ifikie ukubwa ulioandikwa, kama kuongeza maji kwenye chai ili wageni watoshe. Hata SJ4000 halisi inayojitangaza kuwa na megapikseli 12 ina sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ya takriban megapikseli 3. Zilizobaki zinakisiwa na programu. Xiaomi Yi ndiyo iliyokuwa na megapikseli 16 za kweli, na kwa picha mnato naichagua mbele ya SJ4000 bila kufikiri. Ninatumia SJ4000 kwa kuwa ndiyo niliyonayo.

Ukiwa na kamera iliyonyooshewa, iweke kwenye ukubwa wa chini, ule wa kweli. Hutapoteza chochote, na kadi haitajaa haraka.

## Kununua ya mitumba

Nikiipata sokoni Kibuye au kwa fundi wa simu, niangalie nini kabla ya kutoa pesa?

Nenda na kadi yako ya memori na betri ya akiba ya kuchajia simu. Iwashe, rekodi dakika tano mfululizo, kisha fungua video palepale kwenye simu. Kamera inayozimika dakika ya tatu itakuzimikia angani. Toa betri uiweke juu ya kioo cha meza: ikizunguka kama pia, imevimba, na betri iliyovimba haitumiki wala haichajiwi hata kama muuzaji anaapa.

Halafu piga picha ya kitu cha mbali, kama nguzo ya umeme au mti ng'ambo ya barabara. Hapo wengi hawaangalii. Kamera hizi hazina kulenga. Lenzi imekazwa mahali pamoja kiwandani kwa gundi, na Xiaomi Yi za kwanza zilijulikana kwa kutoka na lenzi iliyokazwa kombo. Mbali kukiwa na ukungu, bei ishuke. Si lazima uiache, kwa sababu lenzi nyingi kati ya hizi ni za skrubu: gundi ikikwanguliwa taratibu unaweza kuizungusha nywele kwa nywele mpaka mbali kuwe wazi. Kazi hiyo ni ya jioni moja na subira ya mvuvi.

Kadi gani ya memori?

Ya GB 32 au chini yake, daraja la 10, ya jina linalojulikana, kutoka duka litakalokurudishia pesa. Baadhi ya kamera za umri huu hazisomi zaidi ya hapo. Ifomatie ndani ya kamera yenyewe. Usishtuke video ndefu ikikatwa vipande: mfumo wa kadi hizo hauruhusu faili kupita GB 4.

## Kuifunga kwenye droni

Video yangu inacheza kama uji kwenye sufuria. Kamera imeharibika?

Hapana. Hili ndilo swali namba moja, na jibu lake ni refu kwa sababu watu hutibu ugonjwa usiokuwepo.

Sensa ya kamera hizi haipigi picha nzima kwa mara moja. Inasoma mstari wa juu, halafu unaofuata, mpaka chini. Propela za inchi 10 zikizunguka, zinatikisa fremu karibu mara 80 au 100 kwa sekunde, kwa hiyo kabla sensa haijamaliza kusoma picha moja, kamera imeshasogea huku na huku mara mbili au tatu. Mistari ya juu inaona ulimwengu mahali pamoja, ya katikati pengine, ya chini pengine. Matokeo yake ni ukuta ulionyooka kuonekana kama mabati ya mawimbi.

Kwa hiyo dawa huanza kwenye propela, si kwenye kamera. Propela yenye mkwaruzo au ncha iliyomegeka, itupe. Nzima nazo zina upande mmoja mzito. Kipimia cha propela ni rahisi kupata, lakini hata msumari laini ulionyooka, uliopitishwa kwenye tundu na kuegemezwa juu ya glasi mbili, utakuonyesha upande unaoshuka. Bandika kipande cha selotepu nyuma ya upande mwepesi, punguza au ongeza, mpaka propela ikae popote unapoiacha. Fanya hivyo kwa zote nne. Kisha zungusha kila mota kwa kidole bila propela. Inayokwaruza au kucheza kando ina beringi mbovu au shafti iliyopinda.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye kishikizo. Kamera isifungwe moja kwa moja kwenye fremu. Weka bamba mbili zilizotenganishwa na mipira minne laini, kamera ikae kwenye bamba la chini. Mimi nilianza na vipande vya soli ya ndara na mikanda ya tyubu ya baiskeli, na vilinifaa kwa mwaka mzima. Sponji ya godoro haifai, ni laini mno, kamera inaning'inia kama kengele. Na hapa kuna siri iliyonichukua muda kuijua: bamba zito hutulia kuliko jepesi. Ukiweka betri ya droni na kamera juu ya bamba moja laini, uzito wa betri unamsaidia kikamera cha gramu 58 kukataa kutikiswa. Nilipofanya hivyo, nusu ya mawimbi iliondoka bila kununua chochote.

Kuna wanaoweka kioo cheusi mbele ya lenzi ili kamera ifungue jicho muda mrefu zaidi. Hicho hufanya mtetemo ufifie uonekane kama ukungu mwororo, hakiuondoi. Kwa picha mnato usikiweke kabisa, unataka jicho lifunge haraka.

Ninunue gimbali?

Ukipata kuukuu kwa bei ya kuukuu, ndiyo. Zenmuse H3-3D ilitengenezwa kwa Hero3 na Hero3+, na zipo Tarot za mihimili miwili. SJ4000 ina vipimo vinavyokaribia sana vya Hero3, takriban milimita 59 kwa 41 kwa 30, kwa hiyo hukaa humo kwa mkanda ingawa matundu ya waya hayalingani. Yi ina umbo tofauti kidogo na huenda ikahitaji kipande cha kujazia, la sivyo mota za gimbali zitalalamika. Lakini gimbali huongeza gramu mia na zaidi, na kwa picha mnato huihitaji. Propela zilizosawazishwa kwanza.

Naona propela au miguu ya droni pembeni mwa picha. Nifanyeje?

Sogeza kamera mbele au iinamishe zaidi. Kila gramu unayoisogeza mbele, isogezee betri nyuma, droni isimame sawasawa ukiining'iniza kwa vidole viwili katikati. Kama kamera ina chaguo la upana wa kati, litumie. Na kama ni picha mnato, kata pembe baadaye, dunia haitaisha.

Nitumie kile kifuko cha kuzuia maji?

Hapana, isipokuwa juu ya ziwa. Ni kizito na asubuhi huingia ukungu kwa ndani. Ukirusha juu ya maji, soma jibu la mwisho.

Kwa nini droni inapoteza setilaiti nikiwasha kamera?

Kamera hizi hutoa kelele ya redio inayosumbua kipokezi cha GPS. Kwa jaribio, droni ikiwa chini, hesabu setilaiti kamera ikiwa imezimwa, kisha iwashe uhesabu tena. Zikipungua, inua GPS juu ya mlingoti au bandika utepe wa shaba upande wa kamera unaoelekea GPS.

Waifai ya kamera nayo izimwe kabla ya kuruka. Iko kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya rimoti nyingi, na hata hivyo haitakuonyesha picha ukishapita mita chache. Rusha kwa macho.

## Mipangilio na mwanga

Niweke mipangilio gani?

Kwa picha mnato: upigaji wa kujirudia, kila sekunde 2 au 3, ukubwa wa kweli wa sensa, rangi za mchana badala ya otomatiki, na mwangaza ushushwe kidogo, -0.3 au -0.7. Anga yetu ina mawingu meupe mno na kamera hizi huyachoma yakawa karatasi tupu. Kivuli kilichozidi giza unaweza kukiinua nyumbani. Wingu lililoungua halirudi.

Zima maandishi ya tarehe. SJ4000 huyachapa ndani ya picha yenyewe, na nimeona picha nzuri ya Nyando iliyosainiwa 01/01/2014 kwa herufi za njano.

Kwa video: 1080p, na uwashe kurekodi kwa mzunguko, vipande vya dakika tatu. Sababu iko kwenye swali la video isiyofunguka, hapo chini.

Saa gani ni nzuri kupiga?

Saa 12:30 hadi saa 3 asubuhi. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta (mstari wenyewe unapita Maseno), na saa sita jua liko utosini, vivuli vinaingia chini ya miti, shamba linakuwa kama mkeka uliopigwa pasi. Asubuhi jua la pembeni linaonyesha kila tuta na kila mfereji. Majaruba ya Ahero yakiwa yamejazwa maji, kabla miche haijafunika, yanang'aa kama vioo vilivyopangwa sakafuni. Hapo hata SJ4000 inajiona kamera.

Usiku sahau. Sensa ni ndogo kuliko ukucha.

Upeo wa macho unapinda kama ndizi. Hiyo ni kawaida?

Ni kazi ya lenzi pana. Mstari unaopita katikati kabisa ya picha haupindi, kwa hiyo ukiupanga upeo katikati utanyooka wenyewe. Ukiuweka juu utainuka kama mgongo, ukiuweka chini utalegea kama kamba ya nguo. Ukitaka mpangilio mwingine, nyoosha kwa kompyuta. Hugin na darktable ni za bure na zinafanya kazi hiyo vizuri. Pembe zitapungua, kwa hiyo acha nafasi.

Nipande mita ngapi ili shamba lote liingie?

Chini ya unavyofikiri. Lenzi yenye pembe ya takriban digrii 120 kwa upana hufunika karibu mita 100 ukiwa mita 30 juu. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi, kwa hiyo mita 30 inatosha na chenji inabaki. Wengi hupanda mita 100 halafu wanauliza kwa nini nyumba ya mama inaonekana kama kiberiti.

## Angani: Kisumu, Nakuru na majirani

Ninaruhusiwa kurusha Kisumu mjini?

Soma hili polepole. Kanuni za vyombo visivyo na rubani za 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, zinataka droni isajiliwe, isipande zaidi ya futi 400 juu ya ardhi, na isikaribie mita 50 kutoka kwa watu, magari au majengo yasiyo chini ya usimamizi wako. Uwanja mkubwa wa ndege una duara la kilomita 10 ambalo huingii bila idhini.

Sasa chukua ramani, weka bikari kwenye uwanja wa ndege wa Kisumu, uchore kilomita 10. Katikati ya mji imo. Kondele imo. Hippo Point imo. Dunga, ambako kila mtu anataka kupiga mashua machweo, imo pia. Ndiyo maana mimi huonekana Ahero, zaidi ya kilomita 20 kutoka hapo. Droni ya kuunga mwenyewe haina ile programu inayokataa kuwaka karibu na uwanja, kwa hiyo breki ni wewe. Kamera kuwa ya bei rahisi haipunguzi kitu. Ndege ya abiria haitauliza ni SJ4000 au la.

Na Kit Mikayi? Na Ziwa Nakuru?

Kit Mikayi, lile rundo la mawe makubwa, iko nje ya duara hilo, lakini ni mahali patakatifu na watu huenda kuomba pale. Ongea na wanaopatunza kabla hujafungua begi. Siku nilipowakuta waumini, nilikunywa soda nikarudi nyumbani.

Ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru hurushi bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na usijidanganye kwamba utasimama nje ya uzio uivushe. Heroe wakishtuliwa huruka kundi zima. Kwenye kreta ya Menengai, uliza langoni kwanza.

Kwa nini droni yangu ni hodari Kisumu na goigoi Menengai?

Hewa. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, mji wa Nakuru karibu 1,850, na kilele cha Menengai 2,278. Kutoka kwetu hadi pale juu hewa inapungua uzito kama sehemu moja kwa kumi, propela inashika kidogo, mota inalazimika kukimbia zaidi kubeba gramu zilezile. Droni yangu hukaa dakika 11 Ahero. Menengai naiteremsha dakika ya 9. Mtetemo nao hubadilika kwa kuwa mwendo wa mota umebadilika, kwa hiyo usishangae mawimbi yaliyokwisha yakirudi ukiwa juu.

Upepo je?

Asubuhi huku ziwani hutulia. Kadiri nchi inavyopata joto upepo wa ziwa huanza kuingia bara, na mchana ni wa kupeperusha kofia. Halafu mawingu yanajenga upande wa milima ya Nandi, na jioni radi. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, teremsha. Ukirusha kuelekea upande ambao upepo unaenda, kumbuka kurudi ndiko kutakula betri.

Mwewe wanaishambulia. Niwafukuze?

Wewe ndiye mgeni. Mwewe akianza kuzunguka juu yako, panda wima haraka: yeye hushambulia kwa kushuka, hapendi kufuata kitu kinachopaa. Akitulia, ondoka. Ukiona nguzo nyeusi kama moshi juu ya ziwa, hao ni visubi vya ziwani, mamilioni. Ukipita humo utarudi na lenzi iliyopakwa lami.

Jirani anadai ninampimia shamba ili liuzwe. Nimjibu nini?

Usimjibu na rimoti mkononi. Hofu ya ardhi huku ina sababu zake. Mimi hupita kwanza kwa mzee wa kijiji, nasalimia, naeleza, namwonyesha picha kwenye simu. Kisha namwomba jirani aseme kama nyumba yake isionekane, na nikisema haitaonekana, haionekani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na uso wa mtu kwenye picha yako ni jambo lake pia. Tangu nianze kuwapelekea watu picha za boma lao zilizochapishwa, wananiita wao wenyewe.

Ninaombwa kupiga matanga na harusi. Nikubali?

Kwa kamera hii na droni ya kuunga, hapana. Matanga ya huku ni watu mia kadhaa chini ya mahema, na ile mita 50 unaitoa wapi? Kulipwa nako kunakuingiza kwenye idhini nyingine kabisa za KCAA. Na kelele ya propela nne juu ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu, hapana. Piga boma siku moja kabla, asubuhi, likiwa tupu. Familia nyingi hufurahia hiyo zaidi.

## Baada ya kutua

Droni ilianguka na video ya mwisho haifunguki. Imepotea?

Huenda bado ipo. Kamera huandika faharasa ya video mwisho kabisa, ukibonyeza kusimamisha. Betri ikichomoka kwa kishindo, faharasa haikuandikwa, na faili inabaki kama kitabu kisicho na mshono. Usirekodi kitu kingine kwenye kadi hiyo. Irudishe kwenye kamera uiwashe; nyingine hujaribu kutengeneza zenyewe. Ikishindikana, programu ya bure ya untrunc hutumia video nzima ya kamera ileile kama kielelezo cha kuishonea iliyovunjika.

Ukiwa umewasha kurekodi kwa mzunguko, unapoteza kipande cha mwisho tu, kisichozidi dakika tatu. Chaguo hilo liliwekwa kwa ajili ya madereva, lakini sisi tunaoanguka ndio tunaolihitaji.

Ninaweza kutengeneza ramani ya shamba?

Ramani ya kutazama, ndiyo. Pita juu ya shamba kwa mistari, polepole, kila picha ikipandana na mwenzake kwa asilimia 75 au 80, kisha uziingize kwenye WebODM, programu ya kuunga picha kuwa ramani, na uiambie kwamba lenzi ni ya pembe pana. Picha hazina GPS ndani yake, kwa hiyo ramani haitajua iko wapi wala ni kubwa kiasi gani mpaka uweke alama ardhini ulizopima. Utaona mahali maji yanatuama na mahali mahindi yamekuwa manjano. Mipaka mwachie mpimaji aliyesajiliwa. Nimeshaona ndugu wawili wakigombania picha yangu, na tangu siku hiyo naandika juu ya kila ramani kwamba si ya mipaka.

Je, programu ya Gyroflow inaweza kutuliza video zangu za zamani?

Inahitaji kumbukumbu ya mizunguko ya kamera, na kamera hizi hazina. Lakini kama ubongo wa droni yako unatumia programu ya Betaflight na unahifadhi kumbukumbu za safari, unaweza kuchukua mizunguko humo na kuilinganisha na video. Inachosha, na inafaa tu kama kamera haichezi kivyake juu ya mpira. Mawimbi ya uji haitayaondoa. Rudi kwenye propela.

Nikirusha juu ya ziwa, niikinge vipi? Na ikizama?

Hapa kifuko cha kuzuia maji kinastahili uzito wake. Funga pia boya dogo la nyavu kwa uzi wa kuvulia, mita mbili tatu, lishikane na kamera na si fremu tu, maana fremu huvunjika. Hakikisha uzi umekunjwa na kubanwa kwa mpira usije ukaingia kwenye propela.

Mimi sikufanya hivyo. Hero3 yangu iliingia kwenye magugu maji upande wa Nyakach baada ya propela moja kulegea, bila kifuko, bila boya. Mvuvi aliipata siku ya pili kwa sababu ya utepe mwekundu niliokuwa nimeubandika kwa urembo.

Ikikutokea: toa betri mara moja, usijaribu kuiwasha "kuona tu". Maji ya ziwa si ya chumvi, hilo linakusaidia. Toa kadi, ioshe kwa maji safi, ikauke kivulini siku mbili. Fungua vifuniko vyote vya kamera uiache mbele ya feni, si juani, na mchele uacheni upikwe, hausaidii. Kadi yangu ilisomeka yote, picha 412. Kamera iliwaka mara moja, ikaonyesha saa isiyo sahihi, ikazima.